Kilo za Mzee Tani

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na mwenyewe hakatai. Ukimkuta leo kibarazani kwake, na kikombe chake kidogo cha chai isiyo na sukari, akinywa funda moja moja kama anayeonja dawa, atakwambia kabla hujamuuliza: "Duniani nimeona wajinga wengi, wengine nimewaandikia faini kwa mkono wangu huu. Lakini siku ile ya mizani niliwapiku wote."

Madereva wa malori walimwita Tani. Jina lilikuwa na sababu mbili, na kila dereva alilitumia kwa sababu aliyoipenda, kulingana na hasira zake za siku hiyo. Ya kwanza ni kazi. Kwa miaka thelathini na moja Tani alikaa kwenye kibanda cha mizani kando ya barabara kuu, akipima malori, na uzito uliozidi hakuuachia hata kwa machozi. Ya pili ilijitangaza yenyewe kabla hajafungua mdomo. Akiingia kibandani, kiti kililia, na mwenzake wa zamu, yule dada wa kompyuta, alikishika kikombe chake kisimwagike.

Sasa alikuwa na miaka hamsini na tisa, umebaki mmoja astaafu, na mwili ulikuwa umeanza kumdai. Goti la kulia liligoma kwanza. La kushoto, kwa huruma za kindugu, likamuunga mkono mwenzake. Sukari ikapanda, presha ikaifuata, na mkewe akamkokota hadi hospitali. Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, mumewe akiwemo. Huko hospitali wakaambiwa ipo operesheni ya kupunguza mfuko wa chakula. Sehemu kubwa inakatwa na kutupwa, kinabaki kijimfuko chembamba kama ndizi. Mtu akila vijiko vitatu ameshiba, na mwili unapungua upende usipende. Lakini kwanza apimwe.

Muuguzi akamwambia apande juu ya mizani. Tani akapanda kwa heshima zote, kama mtu anayemtembelea ndugu wa kikazi. Mshale ukakimbia, ukafika mwisho, ukagonga ukingo, ukatulia hapo ukitetemeka.

"Mizani yetu mwisho wake mia na hamsini, baba," muuguzi alisema. "Wewe umeipita."

Tani akacheka. "Mizani gani hii, ya kupimia watoto?"

"Ya kupimia watu, baba."

Kwenye benchi kulikuwa na wagonjwa sita, na wote sita wakagundua ghafla kwamba wana kikohozi. Mwalimu akatazama kucha zake.

"Daktari anataka uzito kamili," muuguzi aliendelea, bila ubaya wowote. "Tafuta mizani kubwa, hata ya ghalani, upimwe, uniletee karatasi."

"Mizani?" Tani alishuka, akaitengeneza kola yake. "Mwanangu, mizani ndiyo kazi yangu. Karatasi nitakuletea yenye muhuri."

Ujinga ulianzia hapo. Angeweza kwenda kwenye ghala la nafaka kimya kimya, akapimwa, akatoa asante, akaondoka. Lakini mtu aliyepima wenzake miaka thelathini na moja hakubali kupimwa kwenye mizani ya mtu mwingine.

Alichagua saa saba mchana, wakati madereva wako kula na foleni ni fupi. Akamwambia dada wa kompyuta asimwambie mtu. Dada akaapa. Tani akatembea hadi kwenye sahani ya mizani, lile bamba refu la chuma linalobeba lori na tela lake, akasimama pembeni, mikono nyuma, kama mtu anayekagua tu.

Alisahau mambo mawili. La kwanza, dada wa kompyuta alikuwa amefanya kazi hiyo miaka minane, na mkono wake ulikwenda kwenye kipaza sauti bila kumuuliza mwenyewe.

"Sogea mbele!" kipaza sauti kikanguruma hadi ng'ambo ya barabara. "Mbele kidogo! Katikati! Simama hapo! Zima injini!"

Madereva waliokuwa wakila kivulini wakainua vichwa. Hawakuona lori. Walimwona Tani, peke yake, katikati ya sahani, kwenye jua la saa saba.

La pili lilikuwa ule ubao wa taa nyekundu uliosimama nje, juu ya mlingoti. Tani mwenyewe ndiye aliyeandika barua tatu makao makuu akitaka ufungwe, ili uzito uonekane wazi na dereva asipate pa kusemea kwamba kaongezewa kilo. Makao makuu walikuwa wametii. Tarakimu zake zilisomeka kutoka mita mia mbili. Sasa zikapepesa, zikafikiri, zikaamua: 180.

"Si kweli!" Tani alipaza sauti kuelekea kibandani.

Madereva walikuwa wamekwishaacha sahani zao. Mbele yao alitangulia dereva wa lori la saruji, mzee mwembamba waliyemwita Kiraka kwa ajili ya turubai lake, ambalo lilikuwa na viraka vingi kuliko turubai.

"Kamanda," Kiraka alisema, akijichokonoa meno, "kuna tatizo?"

"Hakuna tatizo. Mizani hii inaruka kilo ishirini ishirini. Haikuumbiwa kupima mtu. Halafu nimetoka kula sasa hivi. Na upepo huu..."

"Upepo!" Kiraka aliwageukia wenzake. "Jamani mmesikia? Upepo! Mwaka jana lori langu lilizidi, nikamwambia ni mvua, imelowesha turubai. Hebu wakumbushe hawa, kamanda, ulinijibu nini?"

Tani aligeuzia uso kibandani. Alikumbuka vizuri sana.

"Alinijibu hivi," Kiraka akasimama wima, akavimbisha mashavu, akatoa tumbo ambalo hakuwa nalo. "'Mvua nayo ni mzigo. Lipa.'"

Kicheko kilichopasuka hapo kilikuwa na faini nyingi ndani yake. Tani akavua viatu. Ubao ukabaki 180. Akavua koti la kazi. 180. Akatoa funguo, simu, redio ya upepo, akafungua mkanda, vyote akavirundika nje ya sahani, suruali ameishika kwa mkono mmoja. Tarakimu zikapepesa. 160.

"Chapa!" alipiga kelele. "Chapa hapo hapo, dada! Chapa!"

"Haikubali, mzee!" kipaza sauti kilijibu. "Inataka namba ya gari!"

"Andika chochote!"

"Inataka na idadi ya ekseli!"

"Mbili!" Kiraka alimsaidia, akiitazama miguu ya Tani. "Andika mbili, na ya mbele ina hitilafu."

"Na aina ya mzigo?"

Kila dereva alikuwa na pendekezo lake. Mengine hayaandikiki. Mwisho dada akachagua mwenyewe, mashine ikatema karatasi, na Tani akaipokea akiwa peku, jasho linamtiririka, kama dereva yeyote aliyewahi kusimama mbele ya dirisha lile akiomba ahurumiwe.

"Pole, kamanda," Kiraka alisema alipokuwa akimpisha njia, na sauti yake ilikuwa imepungua mzaha. "Lakini sheria si unaijua? Aliyezidi anashusha."

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya mtu ambaye hajawahi kubembeleza. Aliichukua ile karatasi, akaisoma kwa sauti.

"Namba ya usajili: TANI. Ekseli: mbili. Mzigo: bidhaa mchanganyiko. Uzito: mia na sitini." Hakucheka, na hiyo iliuma kuliko vicheko vyote vya madereva. "Huu uzito ni wa kweli, mzee?"

"Ni wa serikali," Tani alisema.

"Kwanza ilisoma mia na themanini," alisema Mwalimu, aliyekuwa amekaa kando yake na mkoba mapajani. "Akavua viatu na mkanda."

"Mwalimu!"

"Si umenisimulia mwenyewe?"

Daktari akamtazama Tani miguuni. "Viatu vyako vina kilo ishirini?"

Tani akaeleza jinsi mizani ya malori inavyoruka, akaeleza upepo, akaeleza chakula cha mchana. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia kama Kiraka, na hakuweza kuacha. Daktari alimngoja hadi pumzi ikaisha.

"Nisikilize. Daktari wa usingizi hupima dawa kwa uzito wa mgonjwa. Ukinidanganya kwa kilo ishirini, unaweza kuamka kabla sijamaliza kazi yangu, au usiamke kabisa. Sasa nani unamkomoa?"

Tani aliinamisha kichwa akaanza kuichunguza karatasi yake ya muhuri, ambayo haikuwa na muhuri.

"Na hatari ipo, sifichi," daktari aliendelea. "Umri huo, sukari hiyo, moyo uliofanya kazi ya mioyo miwili. Wengi wanaamka, wachache hawaamki. Ukiamka, usidhani nimekufanya kijana. Utakula kidogo maisha yako yote, utameza vidonge maisha yako yote, ukivimbiwa utatapika mbele za watu. Usipokatwa hatari ipo vilevile, tena kwa maoni yangu ni kubwa zaidi. Sitakuchagulia. Kajadilianeni, fomu hii hapa, utie sahihi wewe na mwenzako, Ijumaa niione. Sasa mkapime uzito wa watu wazima."

Uzito wa watu wazima ulipimwa kwenye stoo ya jikoni ya hospitali, kati ya magunia ya mchele na ya sukari, ile sukari ambayo Tani alikatazwa hata kuitazama. Mtunza stoo, na kalamu yake sikioni, alimwonyesha bamba la mizani ya magunia.

"Mia moja sabini na moja," alisoma.

"Mizani hii imekaguliwa lini?" Tani aliuliza. Mdomo ulishazoea.

"Shuka, mzee. Maharagwe yanasubiri."

Mwoga hodari hasemi sitaki. Humwita dada yake.

Tani alimpigia simu dada yake mkubwa Jumatano jioni. Akamweleza habari za kisu akizitia chumvi pale palipohitaji chumvi, kisha akakaa kungoja akatazwe. Akikatazwa na dada mkubwa, aliyemlea yeye baada ya mama yao kufariki, nani angemlaumu kwa kutii? Yeye angeinua mikono tu, aseme: mimi nilikuwa tayari, jamani, lakini wakubwa wamekataa.

Alhamisi alasiri Shangazi, kama walivyomwita watoto wa nyumba ile, aliteremka kwenye teksi akiwa na mkoba mmoja na hasira mbili. Sebuleni alimkuta Mwalimu mezani akisahihisha madaftari ya watoto wake wa darasa la kwanza, na binti yao mkubwa, msusi mwenye saluni yake, aliyefunga mapema ili asikose. Tani alikuwa kwenye kochi lake, lile lililowekewa matofali chini badala ya miguu. Fomu ilikuwa mezani, imelaliwa na kalamu.

"Wanamkata?" Shangazi alianza kabla hajakaa. "Mtu mzima na akili zake, wanamkata tumbo kama wanapunguza gauni?"

"Karibu, wifi," Mwalimu alisema. "Kaa upumzike kwanza."

"Nitapumzikaje? Baba yetu alikuwa na mwili kuliko huyu, alikatwa na nani?"

"Babu alikufa na miaka hamsini na nne, shangazi," msusi alisema.

"Alikufa mzima!"

Tani akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu anayesikitika kwamba mambo yanamwendea anavyotaka.

"Mimi sina neno," alisema. "Mkiamua nikatwe, nitakatwa. Lakini dada naye ana hoja."

"Hoja ipi, baba?" Msusi alimgeukia. "Juzi umekuja saluni, wateja wangu watatu wamesimama ili wewe ukalie benchi zima. Mmoja kaniuliza kama wewe ni mteja au ni ukuta tunaopaka."

"Adabu, wewe!" Shangazi alifoka. "Huyo ni baba yako. Mwanamume mwenye mwili anaheshimika. Akiingia mahali, watu wanajua kaingia mtu. Mnataka akonde, majirani waseme ana maradhi mabaya? Waseme mkewe hampikii?"

"Hayo wameshasema, wifi," Mwalimu alijibu, akitia alama ya vyema kwenye daftari. "Walipochoka wakasema nampikia mno."

"Na hela? Kiinua mgongo cha miaka thelathini na moja kiishie tumboni?"

"Mshahara wa miaka thelathini na moja umeishia humo humo. Ni mlango tu umebadilika."

Msusi akacheka hadi akaziba mdomo. Hata Tani alitabasamu, kisha akakumbuka upande wake.

"Tusifanye pupa," alisema. "Mimi nitajirekebisha mwenyewe. Kuanzia Jumatatu natembea asubuhi. Mkate basi. Soda basi. Mtaniona."

"Jumatatu ipi, baba?" msusi aliuliza. "Maana wewe una Jumatatu nyingi kuliko kalenda."

"Mwacheni!" Shangazi alimwekea mdogo wake mkono begani, na bega likaupokea mkono wote. Sauti yake ikashuka, ikawa ya yule dada aliyembeba mgongoni. "Mdogo wangu ana miaka sitini kasoro. Imebaki mingapi hiyo, hata akatwe kwa ajili yake? Mwacheni ale, acheke, azeeke na utumbo wake wote. Siku ikifika imefika."

Hapo Tani alipumua. Neno alilolingoja tangu Jumatano lilikuwa limesemwa, tena na mwenye haki ya kulisema. Akainua mikono.

"Basi," alisema. "Mmesikia wenyewe. Mimi nilikuwa tayari kabisa."

Akainyoosha mikono yake ile mizito kuichukua fomu, aikunje. Mwalimu akaiwekea fomu kiganja. Hakuwa na haraka. Alikuwa na sauti ile ile aliyowafundishia watoto wa miaka sita kuhesabu, na ndiyo aliyoitumia.

"Miaka mitano silali," alisema.

Wakatazamana, maana hakuna aliyeelewa.

"Anakoroma, sawa, kukoroma nimezoea. Shida ni akinyamaza. Anakoroma, anakoroma, halafu kimya. Kifua hakipandi. Nahesabu. Moja, mbili, tatu. Mara nyingi nikifika kumi na tano anashtuka mwenyewe, anavuta pumzi kama aliyetoka chini ya maji. Nikifika ishirini hajavuta, namsukuma kwa mikono miwili. Kuna siku nilisukuma kwa miguu. Asubuhi naenda kuwafundisha watoto wa watu nikiwa nimesimama usingizini."

Msusi aliacha kucheka. Alimtazama mama yake, yale macho mekundu ambayo kwa miaka yote aliambiwa ni ya vumbi la chaki.

"Mbona hukuniambia?" Tani aliuliza, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuwa na utani wala ujanja.

"Nilikuambia. Mara mbili. Ya kwanza ulisema lori zuri huzimwa injini mteremkoni ili kuokoa dizeli."

"Na ya pili?"

"Ulikuwa umeshalala."

Tani aliitazama mikono yake. Alijaribu kukumbuka hata asubuhi moja aliyoamka akamkuta mkewe bado amelala, na hakuiona. Siku zote alikuwa akijisifu kwa watu kwamba ameoa mwanamke anayeamka mapema.

Shangazi alikohoa. Alikuwa mwanamke mwenye huruma, lakini huruma yake ilikuwa na kabila: ilianza kwa ndugu zake. "Wifi, pole, sikujua. Lakini usimtishe mgonjwa. Kila mtu ana siku yake. Ikifika, hata ukikesha, haikuombi ruhusa."

Tani akaishika kamba hiyo, ingawa mkono wake ulikuwa umelegea. Woga haumtoki mtu kwa siku moja.

"Na kisu je, Mwalimu?" alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake kwa kilo nyingi. "Daktari kasema wachache hawaamki. Kama mimi ni wa hao wachache? Nikifia pale mezani, utasema nini?"

Mwalimu alifunga daftari la mwisho, akalilaza juu ya mengine, akaisukuma kalamu mpaka mbele ya mumewe.

"Ukifia mezani kwa daktari, wifi yangu huyu atasema siku yako imefika. Ukifia kitandani kwangu, ataniuliza nilikuwa wapi. Na mimi jibu ninalo tayari, mume wangu: nilikuwa nimelala."